Mvua ya Agosti

Chapwa,
S.L.P. 38,
Tunduma.
19 Agosti, 2015.

Mpendwa mwanangu Asajile,

Hujambo? Miaka yote nimeliuliza swali hili kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Leo naliuliza kwa kuwa sijui jibu lake. Afya yako ikoje? Unakula? Sisi huku tu wazima wa mwili, nami shangazi yako mguu umepungua kuvimba.

Mahindi tumekwisha kuvuna na kukausha. Kihenge kimejaa.

Sasa nisikilize. Alhamisi iliyopita jirani yetu Ferista alikuja mbio, simu mkononi. Ndani yake mlikuwa na picha ya lori lililopinduka, na kando ya barabara mtu amelala, amefunikwa kitenge usoni. Chini yake paliandikwa kwamba ni dereva wa Tunduma, Asajile, amefariki ng'ambo huko njiani kwenda Kitwe. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na picha hiyo. Mama yako alianguka pale pale mlangoni.

Nilifundisha miaka thelathini na minne, wala sikumpa mtoto yeyote alama kwa kunakili. Niliuliza ni nani aliyeona kwa macho yake. Ferista alisema kaletewa na Deus. Deus akasema kaletewa na Rozi. Nikaenda kwa Rozi na mguu wangu huu, naye akanijibu, "Mwalimu, mbona mimi nimeletewa na Ferista?" Hakuna aliyeianzisha. Iliingia tu, ikazunguka.

"Kwa hiyo, Shangazi, watu wote hao ni waongo?" dada yako Nesta aliniuliza kwa hasira.

Nilimwambia aitazame picha tena. Barabara imelowa, na mtu yule amelala katika dimbwi la maji ya mvua. Ni mvua gani hiyo inayonyesha Zambia mwezi wa nane? Mama yako ndiye aliyejibu, akiwa amelala kwenye mkeka: "Mvua ya kifo haina msimu, wifi."

Nesta amekupigia mara nyingi, hupatikani. Tajiri wako Othmani anasema lori lake lilivuka mpaka Jumatatu ya wiki ile. Zaidi ya hapo hajui. Katika ukurasa wako wa Facebook watu wanakuandikia upumzike kwa amani, na kando ya jina lako kuna nukta ya kijani, ambayo Nesta anasema ni alama kwamba mwenyewe yumo. Inawaka, inazimika, inawaka tena. Jumapili, tulipotoka kanisani, simu yake ilipokea ujumbe kutoka namba yako: "Niko salama. Msilie."

Hakuna aliyefurahi. Ferista alisema huyo ni mwizi aliyeokota simu. Wazee walisema kwamba marehemu huwafariji hivyo hivyo walio hai. Nesta aliitupa simu chini, na mama yako akaenda kuifukia kihengeni, ndani ya mahindi.

Jumatatu, mchana kweupe, ikalia humo. Waombolezaji waliacha kula. Punje zilikuwa zikitetemeka juu yake, na hapana aliyesogea. Nilikwenda mimi, nikaifukua, nikasema, "Asajile?" Nilisikia upepo, kisha kama mtu anayevuta pumzi ili aseme. Simu ikazimika. Niliwaambia ni mtandao. Nadhani ni mtandao.

Kwa kuwa mwili haujaletwa, wazee wameamua kuzika koti lako la kijivu, lile uliloliacha msumarini, Jumamosi ya tarehe 29. Shimo limekwisha kuchimbwa, ubavuni mwa kaburi la baba yako. Nilisema sitashuhudia mtu akizikwa kwa neno la kuokota.

"Mwalimu naye!" akasema Deus. "Unabishana na simu za Tunduma nzima?"

Nabishana nazo. Koti nimelivaa tangu jana, na hata sasa ninapoandika ninalo mwilini. Anayelitaka aje anivue. Jambo moja sikuwaambia: nilipolitungua msumarini, asubuhi ile ya baridi, lilikuwa na joto.

Barua hii anaichukua Salum, dereva mwenzako, anayetazamia kurudi Ijumaa ya tarehe 28. Nimemwapisha aitie mkononi mwako mwenyewe. Kama hakuna mkono wa kuipokea, airudishe bila kuifungua.

Usinipigie simu, wala usinitumie ujumbe; hapa hakuna atakayeusadiki. Chukua kalamu. Mwandiko wako naujua tangu darasa la kwanza, na mama yako anaujua pia. Huo hauwezi kumfikia bila mkono wako.

Nesta anakusalimu, ingawa kwa kunong'ona. Rozi na Ferista wanakusalimu, wanaona haya. Mama yako hakutuma salamu. Anasema marehemu hasalimiwi. Nimemwachia mstari mmoja mtupu, aujaze mwenyewe siku utakapoirudisha karatasi hii:

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

Mungu akulinde popote ulipo, nami namwomba pawe ni duniani.

Ukijibu, anza kama nilivyokufundisha. Utuulize kwanza kama hatujambo. Tutakuitikia sote, mmoja mmoja.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye na nisiyekubali kukuita marehemu,

Tabita