Sweta la Odeta

Pasiansi, Mwanza
9 Novemba 1993

Dada yangu Bernadetta,

Shikamoo. Naamini hapo Kamachumu mmeamka salama, wewe, shemeji Jovitus na watoto, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Senene wenu wa kukaanga walinifikia, nikawala peke yangu bila haya. Mwili wangu ni mzima. Odeta yu hai. Nalisema hilo kwanza ili yanayofuata uyasome ukiwa umekaa. Amelazwa hospitali ya mkoa tangu Jumatano ya wiki iliyopita, na hali yake si nzuri.

Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho sitafika. Uliponiletea mwanao mwezi wa pili, viwiko na nyuma ya magoti vimechubuka kwa kujikuna, nilimpeleka zahanati. Muuguzi akamtazama, akasema ni pumu ya ngozi. Unanijua, dada, mimi hulisikia neno la kwanza nikaondoka nalo. Nilisikia pumu. Mengine aliyosema yalinipita, kwa sababu nani hajui pumu inavyotunzwa? Nilikumbuka marehemu baba alivyokuwa akifungwa blanketi kifuani. Jirani yangu, Mama Maige, naye akakazia: mtoto asipigwe na upepo wa ziwa, anywe tangawizi, avae nguo nzito asubuhi na jioni.

Nguo nzito ndizo nilizokuwa nazo. Unajua nauza mitumba tangu iruhusiwe, na mwezi ule nilifungua belo nikakuta masweta matupu, ya sufu, ya watu wanaoishi kwenye barafu. Ukiuza sweta Mwanza watu wanakuuliza umelewa nini. Nikamchagulia Odeta moja jekundu, lenye vifungo hadi kooni, nikajiambia kumbe belo lile lilikuwa na kazi yake.

Alijikuna mpaka shuka zikawa na damu, na kila alivyozidi kujikuna nilizidi kumfunga vifungo. Shuleni wenzake walimhama kwenye dawati. Siku hizi mtu akitoka vipele watu wanafikiria ugonjwa mmoja tu, huu usio na dawa, na akiwa ametoka Kagera ndiyo kabisa. Alirudi akaniuliza kama ni kweli atakufa. Nilimkaripia kwa kusema maneno mabaya.

Mwezi wa saba nikampeleka kwa Dokta Chenge, daktari wa ngozi, mzee mkali asiye na mzaha. Alilivua lile sweta kwa vidole viwili akauliza ni adhabu ya nini. Akanieleza polepole kwamba pumu hii haiko kifuani, iko kwenye ngozi, na inachokozwa na joto, jasho na sufu. Nimwogeshe maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, sabuni isiyonukia, nimpake mafuta ya mgando mwili ungali na unyevu, nguo ziwe za pamba, kucha zikatwe, na dawa ya tyubu ipakwe kidogo pale panapowaka tu. Alisema haiponi kabisa, ila hutulia. Nililia njia nzima kwa jinsi nilivyompika mtoto wa watu. Mwezi wa nane ulipoisha ngozi ilikuwa imetulia, na Odeta akaruka kamba uani na watoto wa Mama Maige.

Mpaka hapo kosa langu lilikuwa ujinga, na ujinga husamehewa. Linalofuata ni lingine, na nimeshachana barua tatu kabla ya hii.

Mwezi wa tisa uliniandikia kwamba akipata nafuu arudi, aanze mwaka wa shule huko. Nikakujibu kwamba bado anaumwa. Nilikudanganya, dada. Ukaandika tena kwamba shemeji anakuja kumwona kwa macho yake. Siku nne kabla hajafika nililitoa sweta sandukuni, nikamvalisha Odeta, nikafunga vifungo vyote. Mimi niliyeambiwa na daktari, mimi niliyejua. Shemeji akakuta viwiko vimewaka moto. Akatikisa kichwa, akanishukuru kwa kumtunza mwanawe, akaniachia mkungu wa ndizi. Zile ndizi nilizipika, tukazila.

Utauliza kwa nini. Unajua Antoni aliniacha baada ya miaka kumi na mmoja ya ndoa, na sababu unaijua. Sokoni kila mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi walikuwa wakiniita Mama Mitumba, kwa utani, na nilikuwa nacheka nao. Odeta alipokuja wakaanza kuniita Mama Odeta. Nilikuwa naitika kabla hawajamaliza kulitamka. Sababu ni hiyo, sina nyingine. Nikiiandika naiona ilivyo ndogo.

Nilidhani shemeji akiondoka nitalivua, nipake mafuta, itulie kama mwanzo. Haikutulia. Alijikuna mpaka pakaingia usaha, miguuni na shingoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, tumeisema methali hiyo tangu shule, nami nikayaficha, kwa kuogopa kwamba Dokta Chenge atajua. Wiki iliyopita mtoto aliamka uso umevimba, macho hayafunguki, mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa. Wanasema sumu ya vile vidonda imefika kwenye figo. Anachomwa sindano, lakini uvimbe haupungui. Jana daktari aliniita pembeni akasema wazazi waitwe, wasisubiri. Sikumuuliza wasisubiri nini.

Bado jambo moja, ndilo zito kuliko yote. Siku tuliyofika hospitali, Dokta Chenge aliona vidonda vimezunguka shingo pale pale kola inapokaa. Akauliza nani amemrudishia mtoto sweta. Nilifungua mdomo, lakini Odeta aliniwahi.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nasikia baridi."

Ilikuwa saa nane ya mchana, dada, na jua la Mwanza unalijua. Daktari alimkemea, akamwambia mtoto wa miaka tisa ni mkubwa, afuate anachoambiwa. Odeta akaomba samahani. Mimi nikafunga mdomo, na mpaka leo sijaufungua. Wodini wananiita mama mwema.

Barua hii nampa Dorotea wa huko kwenu, ambaye anapanda meli leo, kwa sababu posta itachelewa. Njooni na meli hiyo hiyo ikirudi. Ukifika usipite kwangu, nenda moja kwa moja wodini, na umweleze daktari haya niliyoyaandika. Ukitaka kunipiga nitakuwa nimekaa pale pale mlangoni.

Nisalimie mama, lakini usimsomee barua. Wasalimie watoto, na shemeji, kama ataipokea salamu yangu. Odeta naye anakusalimu. Asubuhi nilimwambia nakuandikia, akaniomba nisisahau kukuambia kwamba mama mdogo anamtunza vizuri. Nimeandika kama alivyosema.

Mdogo wako,
Prudencia