Kiti Chenye Magurudumu Matano

Al-Suwaidi, Riyadh

Dada Wakesho,

Kwa heshima na taadhima, natangaza mbele yako na mbele ya ukoo mzima kwamba mdogo wako amepewa kiti cha kuzunguka. Kina magurudumu matano, moja zaidi ya gari nililokuwa naendesha, ingawa hakiendi popote. Baada ya tangazo hilo, hamjambo? Goti la Mama vipi? Ile dawa ya kuchua anaipaka, au ameifungia kabatini isije ikaisha?

Mimi mwili mzima, kichwa ndicho sikielewi. Uliniuliza kwenye simu kama kuandika programu ni kazi nzuri kuliko udereva, nikasingizia mtandao mbovu. Mtandao ulikuwa sawa.

Unajua nilivyojifunza: laptop mapajani, ndani ya gari, nikimsubiri madam, mke wa bosi, atoke madukani. Bosi alipogundua akaniingiza ofisini, nisaidie programu inayowapangia madereva wake safari, wa hapa na wa Jeddah. Mkubwa wangu ni Sami, Mmisri aliyesomea chuo. Kabla ya kusoma nilichoandika, huvua miwani kwanza.

Basi mwezi jana niliachiwa kipande cha programu cha siku za mapumziko. Nikaandika kama mtu aliyelelewa na Mama: Jumapili, hakuna kazi. Hata sikufikiri. Dada, huku mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ndiyo siku watoto wanarudi shule.

Jumapili ilipofika, asubuhi ratiba ikawa nyeupe, hakuna safari hata moja. Otieno, dereva tuliyekuja naye ndege moja, akanipigia kutoka Jeddah.

“Mwakio, simu yangu inasema nipumzike. Ni wewe?”

“Sijui. Pengine.”

“Basi usiguse kitu, ndugu yangu. Naenda kanisa ya kwenye simu, halafu nalala.”

Bosi naye akaingia bila salamu. “Mwakio! Wanangu wako mlangoni na mabegi. Mafi gari, hakuna gari! Kwa nini?”

“Leo Jumapili, bosi.”

“Ndiyo, Jumapili! Yalla, kazi!”

Nilitafuta kosa saa mbili nzima. Sami akavua miwani, akabadilisha mstari mmoja, akavaa miwani, akaenda kunywa chai.

Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake bosi ameniwekea karatasi mezani: ama nisaini kukaa ofisini miaka miwili, simu isizimwe hata nikiwa nimelala, ama nirudi kwenye gari. Jibu analitaka mwisho wa mwezi ujao.

Sasa nishauri. Kwenye kiti kuna kipoza hewa, na wageni wakija bosi ananiita mhandisi, ingawa ikama yangu, kibali cha kuishi huku, bado inasema dereva. Kila siku najifunza kitu, na kila siku nagundua cha jana nilikielewa vibaya. Gari likifika limefika; unazima, halas, yamekwisha. Programu haifiki. Nikiwa dereva nilikosea njia nikamchelewesha madam mmoja. Hapa nimekosea siku, nikasimamisha miji miwili. Lakini Otieno anasema hajawahi kulala vile tangu atue nchi hii, na mimi mpaka leo sijui nijute au nijisifu.

Usiku nachagua kiti, asubuhi nachagua gari. Muulize Mama, lakini usimwambie habari ya Jumapili, atanisifu na kunichanganya zaidi.

Nisalimie shemeji, mwambie spana alizoniagiza nazikumbuka. Nisalimie shangazi Mkamburi wa kwaya, na mjomba anayeamini natengeneza simu, usimsahihishe, inamfurahisha.

Ni mimi mdogo wako,
Mwakio

Kabla sijafunga bahasha nimeitoa leseni yangu ya udereva kuitazama. Iliisha muda miezi minne iliyopita, na sikuwa nimeona.