Ngata ya Panya

Ruiru, Jumapili. Mawingu tangu asubuhi, na baridi ya Julai inayoingia mpaka ndani ya soksi. Nimetulia. Au labda nimechoka, leo sioni tofauti.

Niandike kwanza habari za vile viini viwili, maana nikianza na Rasoa, mke wangu, sitaandika kitu kingine.

Kwaya ya akina mama wa kwao Rasoa ilirekodiwa mwezi uliopita. Mtu wa nyumbani aliyepita hapa alituambia ingesikika leo saa kumi alasiri, kwenye redio kutoka Kisumu. Mama mkwe ndiye huanzisha nyimbo. Rasoa hajamwona mama yake tangu tuhamie hapa kwenye nyumba za shamba la kahawa, na wiki nzima hakuwa na hadithi nyingine.

Taabu ni pampu ya maji ya shamba. Iko nyuma ya nyumba yetu, haijui Jumapili, na mota yake humwaga mkwaruzo kwenye redio yangu mpaka Kisumu inazama. Mimi sina leseni ya kurusha mawimbi, nasikiliza tu, lakini kusikiliza nako kuna ufundi wake. Eriali nimeipeleka mbali, kwenye mikaratusi, na nyaya mbili zilizosokotwa zinaleta mawimbi nyumbani. Pale zinapoingia kwenye redio panahitaji transfoma ndogo, ili cha eriali kipite na uchafu ambao nyaya zimeokota njiani ubaki nje. Transfoma nayo inataka kiini cha kuzungushia waya.

Bwana Dias, fundi mkuu wa karakana ninayofanyia kazi Thika, aliniachia nichague kwenye kopo lake la vyuma chakavu. Nilirudi na viini viwili, vyote vya feraiti, kitu cheusi kinachofanana na chuma lakini ukikiangusha kinavunjika kama kigae. Kimoja ni kijiti kilichotoka kwenye redio iliyokufa. Kingine ni pete. Rangi yake ya alama imebanduka, kwa hiyo hakuna ajuaye ilitengenezewa mawimbi gani. Dawa ni kujaribu.

Rasoa aliishika ile pete, akacheka, akasema ni ngata ya panya. Kweli imefanana na ile pete ya majani ya mgomba ambayo mwanamke huweka kichwani chini ya mtungi. Jina likakaa.

Jana nilijaribu kijiti. Sauti ilijaa nyumba, lakini na pampu nayo ilijaa nyumba, kwa sababu kijiti chenyewe ni eriali, kinadaka kila kinachopita. Kisha nikasuka ngata, waya wa eriali upande huu, wa redio upande ule, zisigusane. Sauti ilipungua. Pampu ilikuwa kama imehama.

Rasoa alitaka kijiti. Alisema amewaalika majirani, sauti ya kunong'ona ni aibu. Nilimweleza kwamba sauti kubwa na sauti safi ni vitu viwili. Nilieleza sana. Mwishowe akasema sawa, fundi ni wewe.

Nikafunga ngata.

Saa kumi majirani walikuwa wameketi, na Kisumu ikaingia kama mtu aliyekaa mezani. Ungeweza kusikia waimbaji wakivuta pumzi. Mama Wanjiru wa nyumba ya pili aliniambia, "Hii iko safi kabisa, fundi," na mimi nikaipokea sifa yangu. Kwa desturi yetu mama mkwe simkaribii. Miaka yote namjua kwa sauti tu, akiimba nyuma ya nyumba. Kwa hiyo nilipaswa kuitafuta sauti hiyo. Lakini nilikuwa nasikiliza pampu.

Rasoa alikuwa ameinamia redio. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha.

"Baba Petero," akasema polepole, "mama hayumo."

Nilimwambia waimbaji ni wengi. Akasema aliyeanzisha ni msichana, na wimbo ule mama yake hajawahi kumwachia mtu. Hakulia. Majirani walishukuru, wakaondoka. Kilichonichoma ni hesabu ndogo: kwaya ilirekodiwa mwezi uliopita, kwa hiyo lililompata mama, kama lipo, lina mwezi mzima. Yule mtu wa nyumbani alitaja kwaya, hakumtaja mama.

Sasa anakunja nguo za mtoto. Kesho atapanda gari moshi kwenda kwao, na mimi nitawapeleka stesheni kabla ya kazi. Amenikataza kufungua redio, nami sina hamu nayo. Naogopa, ingawa maandishi yangu hayaonyeshi.

Ngata imo palepale nilipoifunga, inafanya kazi vizuri. Kijiti kiko juu ya kabati. Tangu saa kumi najiuliza jambo moja: kama ningemfungia hicho alichokitaka, katika zile kelele zote, si angemsikia mama yake, hata kama hayumo?