Jogoo ya Hapana

Beni, Mulekera, tarehe 5 mwezi wa tano

Kwa binti yangu Hadjara, mwalimu wa balimu,

Salaam nyingi, mama. Uko muzima? Tumbo ile iliyokusumbua imetulia? Batoto banakula? Bwana yako anaendelea kunenepa? Miye niko muzima, isipokuwa magoti, isipokuwa sikio ya kuume ambayo iliniachia ku barabara ya Kasindi, miaka ile nilikuwa shofere wa kamiyo, juu ya makelele ya motere. Ndiyo maana ninakuandikia. Telefone ni kitu ya batu benye masikio mbili. Yassini, shofere wa minibus, atakuletea hii barua. Ukimupatia chai, labda hatafungua bahasha.

Nimesikia ya kuchekesha. Yassini ananiambia: "Muzee, Hadjara yako amerudishwa ku banc ya masomo." Nikasema haiwezekani, ule mutoto alimaliza masomo yote ya dunia, ilibakia tu avae kofia ya askofu, na Uislamu ndiyo ilimuzuia. Akasema: "Ni formation, muzee. Balimu ba universite banafundishwa kufundisha." Nilicheka mpaka jino yangu ya duka ikaanguka mu sahani ya sombe. Donc miaka yote hii mulikuwa munafanya nini mbele ya batoto ya batu?

Na ati munajifunza kuankadre banafunzi. Miye masomo niliacha cinquième primaire, darasa ya tano, mwalimu alisema ukuta inasikia kuliko miye. Mais kadre ninajua. Jirani yangu Siméon, ule menuisier, fundi wa mbao, anatengeneza kadre. Anaweka picha ya mutu ndani, anafunika na kioo, familia inatundika ku ukuta. Hapa Mulekera, mutu akiingia mu kadre, ujue tumekwisha kumuzika. Juma iliyopita ba-égorgeurs, bale bachinja-batu ba mu pori, balichoma makamiyo ku barabara ya Kasindi na bashofere ndani. Mumoja tulilala naye zamani chini ya kamiyo moja, mvua inatupiga. Balimutambua na mukaba tu. Siméon amekosa mbao.

Sasa weye unataka kuankadre batoto bangali bazima? Nieleze, mama.

Papa yako,
Issaka


Butembo, tarehe 12 mwezi wa tano

Papa yangu,

Aleikum salaam. Sisi wote tuko wazima, tumbo limetulia, watoto wanakula kama wanalipwa. Bwana yangu anakusalimia na anasema kunenepa nayo ni kazi. Pole sana kwa rafiki yako wa kamiyo. Nimemuombea. Yassini amekunywa chai vikombe viwili, na bahasha ilikuwa imefunguliwa hata hivyo.

Unacheka, mais hii formation ina maana. Unajua jinsi tulivyosomeshwa sisi: professeur anaingia, anasoma karatasi zake za zamani, anatuita mbuzi, anatoka. Ndivyo na sisi tunavyofundisha, kwa sababu hatujaona njia nyingine. Sasa Madame Eliane, anayetufundisha, ametuambia: acheni kuamuru, anzeni kuuliza. Encadrer si kadre ya Siméon, Papa. Ni kutembea na mwanafunzi katika kazi yake ya mwisho, ile tunaita TFC, kumsikiliza, kumuachia achague mwenyewe. Kila mmoja wetu amepewa mwanafunzi mmoja wa kutembea naye, na katikati ya mwezi wa sita tutaeleza mbele ya wenzetu tulivyofanya.

Wangu anaitwa Joyeuse. Ni mtoto wa Lubero, mpole, akili nyingi. Anaandika juu ya wamama wa kakao wa kwenu Beni, commune ya Ruwenzori, wale wanaochuma kakao ingali mbichi, kwa sababu wakingoja iive wauaji watafika shambani mbele yao. Lazima aende kuwauliza wenyewe. Zamani ningemwambia tu: nenda. Safari hii nilimkalisha katika bureau yangu, nikampa chai, nikamuuliza: "Joyeuse, wewe mwenyewe unataka kwenda?" Akasema ndiyo. Unaona tofauti?

Ninaomba umpokee kwako. Jirani yako Mama Kyakimwa ana shamba kule na anajua njia. Asimuache kutembea peke yake. Na wewe, Papa, usimtanie sana.

Binti yako,
Hadjara


Beni, tarehe 26 mwezi wa tano

Mama Hadjara,

Salaam. Umeamkaje huko ku baridi ya Butembo? Miye magoti yananisalimia kila asubuhi mbele ya mutu yeyote.

Mutoto wako alifika. Ni muzuri, anafagia mpaka pale pasipo na uchafu. Mais ana ugonjwa: hajui kusema hapana. Nilimuuliza: "Joyeuse, utakula tena ugali?" "Ndiyo, babu." Nikamuwekea. "Utakula tena?" "Ndiyo, babu." Jasho inamutoka, tumbo imekuwa ngoma, ndiyo, babu. Nikamuuliza kama miye ni kijana muzuri kupita imamu. Ndiyo, babu. Hiyo nilipenda. Mwisho nikamuonesha jogoo yangu, ile nyekundu yenye kiburi: "Joyeuse, hii ni ngombe?" Akaangalia jogoo. Akaniangalia. "Ndiyo, babu, kama munasema ni ngombe."

Basi nikaapa mbele ya Kyakimwa: siku ile mutoto ataniambia hapana, ninachinja jogoo.

Kyakimwa akasema: "Muzee Issaka, ile jogoo itakufa na uzee."

Tulicheka, mama. Mais kuna kitu. Asubuhi anakwenda shamba na Kyakimwa, anarudi, anaandika. Viatu havitoi. Hata mu kitanda analala na viatu. Na popote anapokaa, anaangalia mulango.

Juzi ilikuwa ville morte, siku ya mugomo, maduka yote yamefungwa. Vijana balichoma mipira ya magari ku barabara juu ya bale bafu ba makamiyo, balisema serikali inalala. Risasi zikaanza. Kijana mumoja akaanguka mbele ya duka ya Nasiba, kichwa ikapasuka, ubongo ukabakia ku mulango, Nasiba anaosha na Omo mpaka leo. Joyeuse akaingia chini ya meza. Na miye nikaingia chini ya meza, magoti yanalia kama kitanda ya arusi, nikamuuliza:

"Weye mutu unaogopa hivi, ulikuja huku juu ya nini?"

"Madame Hadjara aliniuliza kama ninataka."

"Na ulitaka?"

Akaangalia mulango. Kisha: "Babu, papa yangu alikatwa panga ku njia ya Kasindi wakati ningali mu secondaire. Alikuwa amekwenda kununua nguo za kuuzisha. Tulizika mwili bila kichwa."

"Madame anajua?"

"Hakuniuliza ile."

"Sasa juu ya nini ulimujibu ndiyo?"

Akaniangalia sawa vile miye ndiye mutoto. "Babu, Madame ni encadreur wangu. Ananipatia chai na mukono yake. Akiniuliza, nitajibu nini?"

Unasikia, Hadjara? Zamani ungepiga makelele: nenda! Angelia, angekuchukia, angekwenda kukusema kwa mama yake, na mama yake angekataa. Makelele mutu anaweza kukataa. Chai nani atakataa?

Nimemuambia arudi. Anasema Madame hajasema. Donc sema weye. Réseau imekatwa tangu zile risasi, telefone ya mutu haiiti. Andika. Amuru na herufi kubwa. Muite mbuzi kama inaomba.

Papa yako,
Issaka


Butembo, tarehe 3 mwezi wa sita

Papa,

Salaam. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Joyeuse pia. Sisi tuko salama.

Sikujua habari za baba yake. Nimekosa usingizi. Yule mtoto amekaa mbele yangu mwaka mzima na hakuniambia.

Mais kumuamuru siwezi. Ni msichana mkubwa, si mbuzi. Nikimpigia kelele arudi, nitakuwa nimemchukulia kazi yake na kumfundisha kwamba mambo yake yanaamuliwa na mimi. Nilieleza haya katika formation, bila jina lake, na Madame Eliane alisema ndivyo hasa: kuwa na yule mtu katika wasiwasi wake, bila kuamua kwa niaba yake. Wenzangu walitikisa kichwa kukubali. Kambere, mwalimu mwenzetu anayemuita mbuzi hata mlinzi wa lango, alitikisa kuliko wote.

Nimeweka karatasi ndogo ndani ya barua hii. Umpe. Nimemwandikia: "Joyeuse, nimesikia una wasiwasi. Unataka kurudi, au unataka kumaliza? Jisikie huru. Nitakubali yote mawili."

Si vizuri hivyo, Papa? Mwenyewe atachagua. Akitaka, atapanda na Yassini kesho yake.

Binti yako,
Hadjara


Beni, tarehe 9 mwezi wa sita

Hadjara,

Salaam. Usiniulize afya.

Karatasi yako ilifika siku ya tatu, jioni. Joyeuse alisoma, akakunja, akafungua, akasoma tena. Nikamuuliza Madame anasema nini. Akasema: "Ananipima."

Nikasema: "Hapana kukupima. Anakuuliza."

"Babu, Madame anataka kuona kama miye ni mutu wa kumaliza kazi."

Nilimuita mbuzi. Nilimutoa viatu mu usingizi, nikaificha. Alivaa ya Kyakimwa. Asubuhi bakatoka bote babili, Kyakimwa anaimba wimbo ya kanisa juu ya kunikasirisha.

Chai yangu ilikuwa ingali moto nikasikia batu banakimbia. Bamama na batoto ku mugongo, mumoja amebeba sufuria yenye maharagi inachemuka, inamuunguza, hasikii. "Baliingia! Baliingia Ruwenzori!" Nikatoka kumutafuta Daudi, ule motard.

Akasema: "Muzee, weye una wazimu."

Nikasema: "Ndiyo, na weye una pikipiki."

Nitakuandikia yote, juu weye unajifunza kusikiliza.

Ku mwanzo ya mashamba, nyumba ilikuwa inawaka na sauti ndani. Tulipofika karibu, sauti ikaisha. Mwanaume alilala kifudifudi juu ya sanduku ile banaivishia kakao, kichwa imefunguliwa. Kitoto kidogo pembeni, hapana kuandika. Kyakimwa nilimukuta ku bâche yake, turubai ile ananyaushia kakao. Balimufunga mikono nyuma na kitenge yake mwenyewe, bakamukata shingo pale pale juu ya kakao. Mbegu zilimushika ku uso na damu, nikaanza kuzitoa moja moja, mpaka Daudi akanivuta.

Joyeuse alikuwa chini ya bâche ingine, ndani ya kakao mbichi. Alijificha hapo wakati Kyakimwa anaita jina ya mama yake mbele ya bale batu, alisikia yote. Mwisho mumoja akafunua bâche. Joyeuse akainua mukono ya kuume kujikinga na yule akapiga panga. Panga ya pili haikushuka, basoda ba jeshi balianza kupiga risasi, akakimbia. Kiganja ilikuwa inaninginia ku ngozi. Nilifunga na mukaba yangu, nikavuta na meno.

Tulimuweka kati yetu ku pikipiki, damu inaniingia mu suruali. Ninamuuliza: "Joyeuse, unanisikia?" Ndiyo, babu. "Unalala?" Ndiyo, babu. Nikamupigia makelele mu sikio njia muzima: Hapana kulala! Hapana kulala!

Badokta balikata ile mukono. Yuko muzima.

Siméon anatengeneza kadre ya Kyakimwa.

Papa yako


Butembo, tarehe 18 mwezi wa sita

Papa,

Salaam. Idi imepita hapa bila mtu kuchinja. Niliposoma barua yako nilitapika, kisha nikaisoma tena.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kueleza mbele ya wenzangu. Nilisimama, nikasoma barua zako zote, na ile karatasi yangu ndogo. Hakuna aliyetikisa kichwa. Kambere alitoka nje. Madame Eliane akaniuliza, kwa upole, ninajisikiaje. Nilichukua kikombe cha chai kilichokuwa mezani nikakitupa ukutani. Mlinzi aliitwa.

Ninataka kuja kumchukua. Akae kwangu hapa Butembo. Yeye ataongea, mimi nitaandika, nitakuwa mkono wake, na TFC itamalizika, na maneno ya Mama Kyakimwa yatabaki humo. Ni mimi niliyempeleka. Acha niwe mimi wa kumrudisha. Wanasema barabara itafunguliwa Ijumaa; hii atakuletea Yassini, na nitangoja jibu.

Papa, umuulize kama anataka. Hapana, usimuulize wewe. Mpe hii barua, mpe kalamu, utoke nje, ajibu mwenyewe.

Binti yako,
Hadjara


Beni, tarehe 7 mwezi wa saba

Mama yangu Hadjara,

Salaam nyingi. Uko muzima? Unakula? Yassini anasema umekonda na bwana yako amekonda pamoja na weye, hiyo ndiyo ilinitisha. Ukuta ya universite inaendeleaje?

Mama ya Joyeuse alikuja kutoka Lubero. Banalala kwangu. Banamufundisha kuandika na mukono ya kushoto, herufi zake zinatembea sawa vile batu banatoka ku kilauli ya pombe. Nimemuambia, akacheka kidogo.

Barua yako nilimupatia nikatoka nje. Nilikaa na Siméon. Kungoja ilikuwa murefu. Nilikuwa najua jibu, na nilikuwa tayari kukukasirikia weye, na yeye, na Mungu kama akipita karibu. Mutoto akaniita, akanipa karatasi wazi, akasema nisome.

Nikasoma. Nikatoka tena, nikaenda kukamata jogoo. Ilinizungusha kiwanja muzima, ile shetani, batu banacheka muzee na magoti yake, na nilikuwa ninalia. Usimuambie mutu, sema moshi. Nikaichinja. Tulikula, mama yake, Daudi, Siméon, na ile ilibakia tukapelekea batoto ba Kyakimwa.

Nikamuuliza: "Joyeuse, utakula tena?"

"Hapana, babu. Nimeshiba."

Sasa nimepata taabu, anakataa kila kitu, hata dawa, hata utani yangu.

Usije. Usimutumie chai. TFC yake ataimaliza ama hataimaliza, na mutu wa kutembea naye atamutafuta mwenyewe. Karatasi yake ninakutumia pamoja na kadre ndogo; Siméon aliitengeneza bila picha ya mutu. Iweke ndani, funika na kioo, tundika mu bureau yako, pale banafunzi banakaa bakikuangalia, bajue ile neno inaruhusiwa humo.

Miye ningali papa yako,
Issaka


Madame,

Hapana.

Joyeuse