Amesafiri, Atarudi Machi

Ardith, leo nimeumbuka!

Verlene, jirani yangu, kaja na pai ya pichi. Ati, "Pole, bibie. Mmegombana na bwana wako?"

Bwana gani?!

"Usinifiche. Kila asubuhi nilikuwa nakusikia barazani: 'Umechelewa leo. Kunywa taratibu. Mbona unaondoka mapema?' Sasa wiki nzima kimya."

Eti bwana! Ni yule ndege mvumaji, Ardith! Yule anayenyonya maua mekundu ya ule mmea wa kutambaa niliouchimbua porini mwaka aliofariki mume wangu. Baridi imeingia, kenda zake Meksiko.

Ningesemaje? Kwamba naongea na ndege? Nikamwambia amesafiri, atarudi Machi.

Verlene akanikumbatia. "Wote husema hivyo, mwenzangu."

Nikalia kweli kweli.