Magauni Matatu ya Mnara

Section 58,
Nakuru.

Kwako mwanangu Sue,

Huku mvua imeanza na mahindi yameota. Leo asubuhi niliingia duka jipya karibu na soko, kila kitu humo ni cha Ufaransa: vikombe vyenye paka waliovaa kofia, vigauni vyenye mnara wa Paris, mwavuli mdogo wa waridi. Nilizunguka kama niko ndotoni. Nilimwona akilini mtoto wako na ule mwavuli kando ya mto wa huko kwenu, mimi nimemshika mkono.

Msichana wa duka akaniuliza, "Mathe, mtoto ako na miaka ngapi?"

Kwenye picha niliyo nayo, bado hajaota meno. Nikamwambia tu mko Ufaransa.

Akacheka. "Sasa unawatumia vitu za kwao?"

Nikacheka pia.

Sue, siku ile ulipopiga simu kusema umempa mtoto jina langu, nilikugombeza. Nilisema msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na kwamba umeniaibisha mbele ya mama mkwe wako. Ukakata simu, na hujapiga tena. Sikukwambia kwamba baadaye nililitamka hilo jina jikoni peke yangu, mara nyingi, kama la mtu mwingine.

Nimenunua magauni matatu: dogo, la kati na kubwa. Moja halitakosa kumtosha. Kikombe cha paka ni cha mama mkwe wako. Mwavuli, mwambie umetoka kwangu.

Ni mimi, wajina wake,
Wangare