Mimba, na Mtoto Bado Ananyonya

Dada Mwajuma,

Rehema wako ameanza kutembea. Anashika ukuta, anashika ndoo, anashika miguu yangu, kisha anajitupa mbele kama mtu mwenye haraka. Ananiita mama. Mara ya kwanza nilimsahihisha, halafu nikaacha, maana nililia mbele yake akaogopa.

Hapa Maparoni bado wanasema ulikufa kwa homa. Mimi ndiye niliyekushika kichwa kwenye boti tukikukimbiza hospitali, na khanga zilizolowa damu nilizifua mwenyewe. Homa gani ile? Ulishika mimba Rehema bado ananyonya, ukaogopa watu watasema umembemenda mtoto, kwamba atadhoofika kwa sababu mama na baba yake walishindwa kusubiri. Ukanywa mizizi ya yule bibi mganga ili uitoe, bila kumwambia mtu, hata mimi niliyelala nawe kitanda kimoja utotoni. Nimekukasirikia, dada. Kila nikiswali nakuombea, na nikimaliza nakasirika tena.

Sasa nisikilize. Athumani wangu naye bado ananyonya, na mimi sijaziona siku zangu. Mwanzoni nilijidanganya kuwa ni kunyonyesha. Kisha uji wa mchele ukanishinda, na unanijua mimi kwa uji. Nikawa nakwepa macho ya mama mkwe. Juzi nikajikuta mlangoni kwa bibi yuleyule. Alinikaribisha kwa upole, akaniambia nafanana na mtu anayemjua, ila jina limempotea.

Niliondoka bila kuaga.

Jana nikaenda zahanati. Muuguzi akanipa kikopo cha mkojo, kipimo kikaonyesha mistari miwili. Akasema maziwa hayajaharibika, nimnyonyeshe tu Athumani na kumwongezea uji na samaki, nianze kliniki mapema, na mizizi nisiiguse. Kisha akauliza, "Nyumbani nani anajua?" Nikamjibu, dada yangu tu. Akasema vizuri, siku nyingine nije naye. Nikasema sawa, nikaondoka.

Leo mume wangu Bakari akirudi kutoka kwenye mpunga nitamwambia, mama yake akiwepo. Mama atafoka. Majirani watajua, watakuja kumtazama Athumani mbavu. Naogopa, dada, lakini bora wanisute nikiwa hai. Mwanao na wangu wananihitaji hapa.

Na Rehema akikua, sitamwambia habari ya homa. Nitamwambia mama yake aliogopa midomo ya watu kwa ajili yake, na kwamba yeye muda wote ule alikuwa mzima, amenona, hana hata kikohozi.

Pumzika, dada. Mwenyezi Mungu akurehemu na akusamehe. Mimi bado sijaweza, ila nakuahidi nitajaribu.

Mdogo wako,
Asha